Posa ya Osaka

Mjomba Eddie hawezi kusema jambo bila kulizunguka kwanza. Nililijua hilo, na bado nikamtuma yeye, kwa woga wangu.

Nilikuwa nimepata kazi Osaka, Japani, kwenye maabara ya betri. Hapa Kigali natengeneza betri za pikipiki za umeme na kazi naipenda, lakini ninachotaka kujifunza kiko kule. Walitaka jibu Jumatatu. Mimi nilishaamua, aliyebaki ni baba. Tangu mama afariki tunaishi wawili tu, mtaa wa Kacyiru, na tangu utotoni namsikia akisema, "Tumesharudi. Hakuna wa nyumba hii atakayehama tena." Alikulia Ngara, Tanzania, ukimbizini, na maneno hayo hakuyasema kwa mzaha. Angekataa, nisingekuwa na moyo wa kumwacha.

Basi Jumapili mjomba, mdogo wake marehemu mama, akaja na kreti ya bia, amevaa suti. Suti! Nilimwomba amlainishe baba, si amtishe. Nikajibanza jikoni, mlango wazi kidogo, roho juu.

"Shemeji," alianza, "tumetoka mbali."

Anakaa Kimisagara tu, hapa hapa Kigali.

"Tumesikia nyumba hii ina binti mwenye adabu na akili," akaendelea.

Baba akaweka glasi mezani. "Yupo."

"Kuna watu wamemwona, wanamtaka. Nyumba ya kumweka wameshatayarisha."

Nikashika kichwa. Hivyo ndivyo watu wanavyoposa!

"Ni familia gani?" baba akauliza.

"Wajapani, shemeji."

Baba akasogeza kiti mbele.

"Wangapi?"

"Kampuni nzima."

Nilitoka mbio, mwiko mkononi. "Baba, siposwi! Ni kazi!" Nikamwaga yote kwa pumzi moja: Osaka, betri, Jumatatu, na kwamba akisema nibaki, nitabaki.

Baba alinitazama, akamtazama mjomba na suti yake, akacheka mpaka akavua miwani. "Eddie, nusura uniue! Nilishaanza kuwaza wakwe nitaongea nao lugha gani." Nilicheka pia, ila jibu langu nilikuwa sijalipata.

"Na yale maneno yako, baba? Kwamba hatuhami tena?"

Akafuta macho, akavaa tena miwani.

"Kaliza, mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama yangu, tunakimbia. Hakuna aliyetuuliza tunataka kwenda wapi. Kuhama kwa namna hiyo ndiko ninakokukataa mpaka kesho. Wewe umekaa, umefikiri, umechagua mwenyewe. Upweke nitauona, sikudanganyi. Lakini nenda."

Wiki nzima nilikuwa sijala nikashiba wala kulala nikapumzika, na yote hayo yakanitoka mara moja. Nililia pale pale, mwiko bado mkononi, kwa furaha ambayo sikuitegemea. Mjomba alikwishafungua bia na kutangaza kwamba posa imekubaliwa, kazi yake ameimaliza, sasa chakula kiko wapi.

Tulipokuwa tunakula, baba akaniuliza, "Na ukipachoka huko, utafanya nini?"

"Sijui, baba. Sijafikiria."

"Utarudi nyumbani," akasema, akinisogezea bakuli la isombe, kisamvu cha kwetu. "Sisi kule Ngara hatukuwa na jibu hilo."