Mara Kumi na Mbili kwa Kila Kadi

Jumanne, saa tatu asubuhi, karani wa kliniki ya mgongo alipitisha kadi ya bima ya mpiga pasi kwenye mashine, akamrudishia.

"Mama, hii imeisha. Bima inalipa mara kumi na mbili kwa mwaka. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa."

Mpiga pasi alikuwa ameinamia mashati ya watu kwa dobi miaka tisa. Kabla hajajibu, maumivu yalimtoka kiunoni, yakavuka kiti kitupu na kumwingia mumewe, aliyekuwa amempakatia mkoba. Mume alijikunja kidogo.

"Kumbe ndivyo yalivyo," alisema. "Mke wangu, nisamehe. Nilidhani unadeka."

"Kadi yako haijaguswa, baba," karani alimwambia. "Chumba cha pili."

Mnyoosha mgongo, bwana mcheshi mwenye viganja vya mbeba mizigo, alimlaza mume kifudifudi, akamwalisha mifupa mpaka ikalia ko-ko, kisha akamwambia ukweli. Kunyoosha kunatuliza tu. Kinachoyang'oa maumivu haya ni mazoezi ya wiki nane, na angeyasimamia mwenyewe, pale pale kwenye mkeka. Ila bima hailipii mazoezi katika kliniki ya mgongo, na mke na mume hawakuwa na ubavu wa kuyalipia. Karani, mtu wa huruma, aliwapigia simu bima.

"Mazoezi ni hiari ya mgonjwa," sauti ilijibu.

"Na maumivu yakihama?"

"Yakibaki ndani ya familia moja, hakuna tatizo."

Mume alikuwa fundi rangi. Kwa wiki sita alipaka kuta kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, huku chini akimwachia mwenzake, ambaye alilalamika kwamba yeye si panya. Nyumbani alilala sebuleni, mbali na binti yao wa miaka saba, kwa sababu kadi ya tatu ilikuwa ya binti na haikuwahi kutumika hata mara moja. Kila jioni mpiga pasi aliyabembeleza maumivu yarudi kwake, na yakikaidi aliyafokea. Hayakujitikisa. Kwake hapakuwa na kadi iliyobaki.

Usiku baada ya mume kunyooshwa mara ya kumi na mbili, mpiga pasi alimfungia mtoto chumbani kwa ufunguo. Asubuhi alipofungua, binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kiuno.

"Mama, nadhani ni zamu yangu," alisema. "Naomba mto."

Walimpeleka. Karani alipitisha kadi, ikakubali mara moja. Mnyoosha mgongo alitafuta kigoda cha kumpandishia kitandani, akakosa, akambeba.

Siku hiyo mpiga pasi alimaliza mashati sitini. Kiuno hakikumuuma hata kidogo, na alilia kuanzia shati la kwanza.