Maji ya Chuma

Kampuni ya karanga ilipofungasha virago Nachingwea, iliacha porini matrekta yaliyokufa, betri, minyororo na vyuma vya kila namna. Wengine waliona takataka. Abdalah, mhunzi mzaliwa wa Mbekenyera, aliona majembe. Akahamia, akajenga banda pembeni mwa mji, na haukupita muda wakulima wa Ruangwa mpaka Mtua wakawa wanalima kwa chuma chake. Jembe la Abdalah halipindi, walisema, na yeye hakuwa mtu wa kukataa sifa.

Mkaa ndio uliomsumbua. Miti ya karibu kampuni ilikuwa imeing'oa yote, kwa hiyo akaanza kuwasha tanuri kwa magurudumu, oili chafu na masanduku ya betri. Moto uliwaka vizuri mno, na moshi mweusi wa kuganda kooni ukashukia nyumba za jirani. Betri zilivunjwa kwa nyundo na kusuuzwa katika pipa lililokatwa nusu, na humohumo majembe yenye moto yakazimwa. Maji hayakumwagwa. Yakipungua yaliongezwa tu, maana kisima kilikuwa mbali.

Benedikto, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akafanya kazi karakana ya kampuni kabla ya kuajiriwa na Abdalah, ndiye aliyesema.

"Fundi, faida ya msimu huu tujenge dohani ndefu. Tanuri tulizungushie ukuta wa udongo, joto lisipotee, mkaa kidogo utatutosha. Na betri tuzichimbie shimo lake. Yale madini yake ya risasi ni sumu. Kule karakana tulikatazwa hata kula bila kunawa."

"Unataka nizike hela kwenye moshi?" Abdalah akacheka. "Moshi unajua njia yake."

Akanunua jiliwa ya kubania vyuma, kubwa, inang'aa, na watu wakaja kuitazama. Mtu mambo yakimnyookea, nani atamwambia kitu?

Kulikuwa na jambo ambalo Benedikto hakulijua, kwa kuwa si la kwao. Katika ukoo wa Abdalah, mtoto aliyechelewa kutembea hunyweshwa maji yaliyozimiwa chuma, ili mifupa yake ishike. Uchafu hawakuuhofia, kwani waliamini chuma chenye moto huua kila kibaya kilichomo. Abdalah mwenyewe alinyweshwa na babu yake. Lakini babu alizima chuma chake katika chungu cha maji ya mtoni, na moto wake ulikuwa wa mkaa wa mti.

Kaimu, mtoto wa binti yake Zena aliyebaki Mbekenyera, alikuwa amechelewa kutembea. Basi kila Ijumaa Abdalah alichota chupa moja pipani, akaichuja kwa kitambaa safi, akaisomea dua na kuipakia kwenye lori la Mbekenyera. Alifanya hivyo kwa mapenzi makubwa, na hapo ndipo roho inapouma.

Mtoto hakutembea. Akawa analilia tumbo, akakataa chakula, ufizi ukaota mstari wa rangi ya majivu. Zena alituma salamu kwamba hajaona nafuu, na Abdalah akaongeza chupa ya pili.

Walipomleta hospitali ya Nachingwea na degedege, Benedikto alikwenda kumjulia hali. Akaona chupa kando ya kitanda. Akaifungua, akanusa, akamvuta Abdalah nje.

"Fundi, haya si maji ya pipa letu?"

"Ndiyo. Dawa ya kwetu hiyo."

"Mnayanywa?" Benedikto alijishika kichwa. "Mungu wangu. Kumbe mnayanywa."

Abdalah alielewa palepale. Kaimu alifariki jioni ile.

Baada ya matanga dohani ikajengwa, na ukuta, na shimo la betri, na pipa likazikwa. Mkaa ulitosha kweli. Majirani waliacha kukohoa, wakamsifu fundi kwa akili yake, na kila sifa ilimchoma. Zena hakuambiwa kitu. Degedege ni kazi ya Mungu, watu walisema, na baba yake akanyamaza.

Mwaka uliofuata Zena alifika bandani, mjamzito, chupa mkononi.

"Shikamoo, Baba. Safari hii nipe maji mapema. Mwenzake tulichelewa kumpa."

Abdalah alitaka kusema yameisha. Mdomo ukakataa.

"Mwanangu, maji yale ndiyo yaliyomuua. Yalikuwa na sumu ya betri."

Zena hakulia. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya moto.

"Ulijua, Baba?"

"Sikujua kama yanadhuru. Benedikto alitaka hela ya msimu ule tujengee dohani na shimo la betri. Sikumsikiliza."

"Alikwambia lini?"

"Kabla sijakutumia chupa ya kwanza."

"Na hela mlifanyia nini?"

Abdalah aliitazama jiliwa. Zena akayafuata macho yake. Siku jiliwa ilipofungwa mezani, yeye naye alikuwa amekuja kuitazama, Kaimu mgongoni, na babu akamshika mtoto mkono auzungushe mpini, wote watatu wakacheka. Sasa Zena akaiweka chupa tupu pale mezani, kando ya jiliwa, akaondoka bila kuaga.