Benchi Lililovuka Uzio

Jumatatu, saa tatu kasoro robo asubuhi, Paskalia alimaliza kufagia bustani mpya ya mjini Mpanda, akasimama kando ya maua, ameegemea mpini wa fagio. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na miguu yake ilikuwa imevimba tangu masika. Hakukaa, kwa sababu kibao cha getini kilisema wafanyakazi na wachuuzi hawaruhusiwi kukaa bustanini. Benchi lenyewe lilikuwa moja tu, la mninga, la watu wanne, na watu wanne walikuwa wamelikalia. Alipolitazama tena, lilikuwa la watu watano.

Nafasi ya tano ilikuwa mwishoni, upande wake.

Msimamizi wa bustani, kijana aitwaye Athuman, alimwita Ponsian, seremala aliyelitengeneza. Ponsian akatoa tepu, akapima mara mbili.

"Mimi niliwapa futi sita. Hili ni saba na nusu."

"Mbao ikipata unyevu hutanuka," Athuman alisema.

"Hutanuka, ndiyo. Lakini haioti mguu."

Benchi lilikuwa na mguu mpya. Ponsian alipiga magoti, akaupapasa pale ulipoungana na ubao, akakiri kwamba kiungo kile kilikuwa safi kuliko vyake. Kisha akarudi karakanani, alikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia.

Kufikia Alhamisi benchi lilikuwa limefika kwenye uzio. Nondo mbili zilijipinda kulipisha. Likatoka, likavuka mfereji, likaishia mbele ya Joséline, mama kutoka makazi ya Katumba aliyekuwa akiuza karanga za kuchemsha pale nje. Joséline alishinda na beseni kichwani, kwa kuwa kila alipolitua mgambo walilichukua. Siku hiyo alilishusha, akakaa, akalipakata.

"Dada, nani kakuruhusu?" Athuman aliuliza kutoka ndani ya uzio.

"Limenijia lenyewe, kaka. Mtu akikusogezea kiti, utamkatalia?"

Athuman aliona asingemkatalia. Hata hivyo akaandika ripoti.

Ijumaa asubuhi alikuja ofisa wa mji pamoja na Ponsian, aliyekuwa na msumeno. Ponsian akalikata benchi usawa wa uzio, kipande cha nje kikapakiwa kwenye guta. Watu walipotoka sala ya Ijumaa, benchi lilikuwa limeshamfikia Joséline tena, na safari hii lilimpita. Vibarua watatu wa zege waliokuwa wakijenga duka la jirani walikuwa wamelikalia, wanakula mihogo. Ofisa akaagiza likatwe upya. Ponsian akauviringisha msumeno wake kwenye gunia.

"Tafuteni mtu mwingine, mheshimiwa. Mimi nakata mbao yenye kasoro. Hii haina."

Ofisa alikaa kidogo kufikiri. Alikaa kwenye benchi, maana kulikuwa na nafasi.

Jumamosi lilitoa tawi ndani ya bustani. Paskalia alikuwa anakusanya majani makavu alipohisi ubao ukimgusa nyuma ya magoti, taratibu, kama mtoto anayemvuta mama yake khanga. Aliweka fagio chini, akakaa. Miguu yake ikaanza kuuma yote kwa pamoja, kama inavyofanya miguu ikishapata nafasi ya kusema.

Athuman akaja mbio.

"Mama Paskalia, sheria si unaijua?"

"Naijua, mwanangu. Si ndiwe uliyenisomea?"

"Sasa?"

"Sasa niambie. Hii miguu imechokea humu humu. Ikapumzikie wapi?"

Athuman mwenyewe alikuwa amesimama getini tangu saa kumi na mbili, na siku zote hakuwahi kujihesabu kuwa mfanyakazi. Aliliona benchi likiongeza nafasi pembeni ya Paskalia. Akatazama huku na huku, akakaa, akavua kiatu kimoja.

"Kinabana," alisema.

"Nilikuwa nakuona unavyotembea," Paskalia alisema.

Jumatano iliyofuata benchi liliingizwa kwenye ramani ya mji na kupakwa vanishi. Wageni kutoka Inyonga na Mwese walioshuka kwenye mabasi walielekezwa kwalo. Joséline aliruhusiwa kukaa, ila si kuuza, na mchana huohuo mgambo walichukua beseni lake akiwa ameketi vizuri. Alikwenda kununua lingine, akarudi na karanga nyingine, akakaa palepale.

Kwa Paskalia ililetwa barua. Athuman alimsomea kwa sauti, ameketi. Ilisema kwamba mfagiaji wa bustani ataongezewa kazi ya kufuta benchi lote, ndani na nje ya uzio, kila siku kabla ya saa moja asubuhi, na kwamba masharti mengine ya kazi yanabaki kama yalivyo.

Paskalia alisikiliza hadi mwisho, kitambaa cha kufutia kikiwa begani.

"Wameandika nitakuwa nakaa saa ngapi?"

Athuman akapitia barua tena, mbele na nyuma.

"Hawajaandika, mama."

"Basi hilo wameniachia mwenyewe," Paskalia alisema, akakaa.