Mfuko wa Ndani wa Koti la Joël

Joël alileta koti lake Jumanne asubuhi, akalitandaza juu ya meza ya Marcelline na kusema anataka mfuko upande wa kushoto, kwa ndani, chini kidogo ya kwapa. Marcelline alikuwa amewashonea watu wa mtaa wa Bellevue kwa miaka kumi na mmoja, kwenye veranda ya nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba, na mifuko ya siri haikuwa jambo geni kwake. Watu huficha simu. Huficha karatasi za ukimbizi zisije zikalowa.

"Ukubwa gani?" aliuliza, akichukua futi.

Joël alitupa jicho mlangoni, kisha akaonyesha kwa vidole juu ya bitana: kuanzia hapa mpaka hapa, pana huku, nyembamba huku. "Na kitambaa kiwe kigumu, cha jinzi. Koti lisivutwe upande mmoja."

Marcelline akaacha kupima. Mumewe, Octave, alikuwa mlinzi katika kampuni moja ya ulinzi, na umbo lile alilijua kama alivyolijua umbo la mkasi wake.

"Joël, una leseni?"

"Mama Héritière, mimi nimekuja kwa fundi. Sikuja polisi."

"Nakuuliza kama dada yako."

Joël akavuta stuli akakaa. Duka lake dogo la mtaani, spaza kama wanavyoliita kule Soweto, lilikuwa limevamiwa mara mbili tangu Pasaka. Mara ya pili walimlaza kifudifudi juu ya magunia ya unga, mmoja akamkanyaga shingo huku wenzake wakijaza mifuko. Kanisani, walikosali pamoja, hakuwahi kuyasema hayo, aliwaambia tu kwamba walikuja tena. Sasa aliyatoa yote kwa haraka.

"Wale nani aliwaomba leseni? Mimi nilikwenda kuuliza, dada, sikukurupuka. Nikaambiwa lazima niwe raia, au niwe na makazi ya kudumu. Mkimbizi hata fomu hapewi."

"Octave alisomea. Alifanya mtihani, akapiga shabaha mbele ya watu, wakachukua alama zake za vidole. Na mpaka leo silaha si yake, ni ya kampuni. Anaisaini akiichukua, anaisaini akiirudisha."

"Octave ana kampuni. Mimi nina nani?"

Marcelline aliushona ule mfuko. Alijiambia kwamba akikataa, Joël atalipeleka koti mtaa wa pili kwa fundi asiyeuliza chochote. Akapiga mishono miwili sambamba, akafunga nyuzi. Kazi ilitoka safi, na usafi wenyewe ukamkera.

Wiki ile hakutulia. Alijichoma sindano, akakata suruali ya mteja fupi kwa upande mmoja, akatia chumvi mara mbili kwenye maharage. Alhamisi, Octave akiwa anavua viatu vya kazi, Marcelline alimuuliza kama vile hana nia yoyote:

"Hivi mtu anaruhusiwa kuificha bastola chini ya nguo?"

"Mwenye leseni? Analazimika kuificha. Hapa hawataki ionekane barabarani. Kuificha siyo kosa, mama. Kosa ni kuwa nayo bila karatasi, na hilo lina miaka jela." Akainua uso. "Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Jumapili ilikuwa ya joto kali. Kanisa lao lilipanga ukumbi wa ghorofani huko La Rochelle, wenye madirisha madogo na feni mbili zilizokuwa zikizungusha joto lile lile. Joël alikaa viti viwili mbele ya Marcelline, pembeni, karibu na mkeka wa watoto. Koti alikuwa amelivaa. Kila alipoinua mikono kusifu, Marcelline aliutazama ubavu wake wa kushoto, na mshono haukuonyesha kitu.

Mchungaji alipowaita wenye mizigo waje kuombewa, Joël alisimama. Jasho lilikuwa likimtiririka. Akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akaenda mbele macho yake yamefumbwa nusu.

Héritière, binti yake Marcelline wa miaka sita, alitambaa kutoka kwenye mkeka. Alishika mkono wa koti, akautia mkono wake ndani, akacheka, kisha akaanza kulivuta kumtania mwenzake. Kiti kikayumba.

Marcelline hakukumbuka alivyowapita watu. "Toka hapo!" Mtoto akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anacheza tu. Marcelline alilinyakua koti, na uzito wake ukamshtua ingawa alikuwa akiutarajia. Akatoka nalo nje, akakaa kwenye ngazi za barabarani, amelikumbatia mapajani kama mtoto mgonjwa.

Pale ndipo ilipomjia kwamba sasa yeye ndiye aliyebeba bastola bila kibali. Gari la polisi lilikuja polepole likasimama kwenye robot, taa za barabarani, hatua ishirini tu kutoka alipokaa. Askari aliyekaa upande wa abiria alimtazama, mwanamke na koti la kiume katika jua lile. Akainua kidole gumba kumsalimia. Marcelline naye akainua chake. Taa ikageuka kijani, gari likaondoka.

Joël alitoka uso umemsawijika. Octave alikuwa nyuma yake, ameshamwona mwanawe akilivuta koti na mkewe akitoka mbio.

"Kuna nini humo?" Octave aliuliza, kisha akagusa koti kwa nje na hakuhitaji kujibiwa. Aliingia nalo kwenye korido, akageukia ukutani na kutoa risasi. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Moja ilikuwa tayari ndani ya mtutu. Nani alikufundisha kuitumia?"

"Aliyeniuzia."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi hivi."

"Dakika kumi! Na mwanangu ameingiza mkono humu!"

"Mfuko niliushona mimi," Marcelline akasema. Octave alimtazama. Hilo walikuja kulizungumza nyumbani, na hayakuwa mazungumzo mafupi.

Joël alitaka kuirudisha kwa aliyemuuzia. Octave alikataa katakata: itakwenda kumlaza mtu mwingine kifudifudi. Lakini kuipeleka kituoni nako Joël aliogopa, kwa kuwa mkimbizi akifika kaunta na kitu kama kile, jioni atalala ndani. Mwisho walimpigia mwanasheria mmoja wa kike anayesaidia wakimbizi, naye akaenda pamoja na Joël. Polisi waliiandikisha, wakachukua maelezo, wakamwambia atajulishwa kama atashtakiwa. Tangu siku hiyo kila simu yenye namba asiyoijua ilimfanya Joël atoke nje kabla ya kupokea.

Wiki tano baadaye walimvamia mara ya tatu.

Marcelline alikwenda Soweto Jumamosi mchana na sufuria ya wali. Denise, mke wa Joël, alimpokea akishukuru Mungu kwamba mumewe hakubisha, na majambazi wakachukua sigara na simu wakaondoka. Habari ya bastola Denise hakuwahi kuijua. Joël alikuwa nyuma ya kaunta, kichwa kimefungwa bendeji. Alingoja mkewe aingie ndani na sufuria.

"Mmoja alikuwa amenipa mgongo," alisema. "Ningekuwa nayo ningempata."

"Na wa pili?"

Akagusa bendeji. "Wa pili alikuwa nyuma yangu. Sikumwona mpaka aliponipiga."

"Basi."

"Basi nini, dada? Kwamba wewe ulikuwa sahihi? Sikatai karatasi iwepo. Yule aliyeniuzia hakuniuliza hata jina, na nilipompa mgongo niliogopa. Lakini niambie, mtu kama mimi anaombea kibali dirisha gani? Na kama hakuna dirisha, nani analinda mlango huu?"

Njia nzima Marcelline alikuwa ameandaa maneno. Sasa aliyaacha, akavuta kreti tupu akakaa karibu naye.

Mtu aligonga nondo za dirisha la duka. Alikuwa bibi mmoja wa jirani, anataka sukari. Kabla ya kuinuka, Joël alitazama kushoto kwa yule bibi, kulia kwake, halafu mikono yake. Marcelline naye alijikuta anaitazama mikono ile, mpaka bibi akaipitisha katikati ya nondo, mitupu, akaipokea sukari yake.