Libanga la Évariste

Habari hii alinipa Olive, binti ya mama mwalimu Bulonza, Jumapili iliyopita kisha misa, tulipokuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Alikuwa anaongea polepole, macho kwenye mulango.

Mwalimu Bulonza anafundisha watoto wa mwaka wa ine, huko Kadutu. Tangu watu wa bunduki waushike muji, masomo yanafunguliwa leo, kesho yanafungwa, basi yeye anawatumia wazazi sauti kwa telefone ili watoto wajifunze nyumbani. Sarufi kavu haiwaingii kichwani, kwa hiyo anaitia ndani ya vishairi vya kuchekesha. Cha juma lile, juu ya “iko” yetu ya mujini inayokaa kila mahali bila kujali ngeli, kilikuwa hiki:

Mukubwa Sarufi kafika mujini,
kapanga maneno yote mustarini:
“M-WA huku, KI-VI kule pembeni,
na wewe, Iko, nani alikuita ndani?”
Iko kacheka: “Papa, kaa chini,
mimi niko kwetu, wewe ni mugeni.”
Évariste wa Nyangezi, mwenye maharagi, nani kama wewe!

Ule mustari wa mwisho hauna sarufi. Ni libanga, kama wanamuziki wetu wanavyotupa jina la mutu mwema mwisho wa wimbo, kumushukuru. Évariste ni mudogo wa Bulonza, ndugu pekee aliyebaki, na kila Alhamisi anamuletea maharagi kwa pikipiki kutoka Nyangezi.

Alhamisi asubuhi jirani yao, Maman Adèle, aliingia bila kupiga hodi, kikapu kitupu mukononi. Akaeleza kwamba kwenye bariyeri ya watu wa bunduki, njia ya Nyangezi, motari, wale wabeba watu kwa pikipiki, walikuwa wanakiimba kile kishairi kilichopita telefone kwa telefone, wanacheka. Komanda wa bariyeri akachukua telefone ya mumoja wao, akasikiliza mara mbili, yeye hakucheka. Akauliza ni nani huyo mugeni anayeambiwa akae chini. Ndipo akauliza Évariste wa Nyangezi ni nani.

“Wanafikiri ndiye aliyetunga,” Adèle akasema. “Kwao jina la mwisho ni la mwenye maneno. Mambo ya libanga hawayajui.”

Bulonza akashika telefone. Akapiga simu kwa mudogo wake, haipiti. Akapiga tena, haipiti. Saa ile Évariste alikuwa njiani, gunia nyuma, hana habari yoyote. Olive akamuomba mama yake wafute ile sauti, wafunge mulango, wanyamaze. Bulonza alikuwa ameshaanza kujifunga kitenge. Olive akamufuata.

Walipofika bariyeri, Évariste alikuwa ameketi katika matope, bila viatu, na gunia lake limepasuliwa, maharagi yametawanyika mpaka kwenye mufereji. Wamemukalisha chini, kama katika kishairi. Alipomuona dada yake alitingisha kichwa kidogo tu, kumwambia arudi, kisha akageuza macho kama hamujui.

Hapo hakuna aliyemujua Bulonza; angeweza kupita kama mwenye kwenda sokoni. Akasogea mbele.

“Jambo, mukubwa. Yale maneno ni yangu. Mimi ni mwalimu.”

Komanda akamuamuru ayaseme. Akayasema mbele ya watu wote, kwa sauti nyembamba ya mutoto aliyeitwa ubaoni. Alipofika kwa “mugeni” hakuliruka neno. Hakuna aliyecheka.

“Na huyu anatajwa kwa nini?”

“Ni mudogo wangu, ananiletea maharagi. Kwetu mutu akikutendea mema, unamutupia jina lake.”

Komanda akamuangalia Évariste, akayaangalia maharagi. “Basi nikikupa ndugu yako, na mimi nitatajwa.”

Hakuwa anauliza. Akanyoosha telefone yake mbele ya kinywa cha Bulonza.

“Komanda wa bariyeri,” akasema Bulonza, “mwenye kuniachia ndugu yangu, nani kama wewe.”

Komanda akaisikiliza ile sauti, akatabasamu. Tabasamu lile lilimutisha Bulonza kuliko ukali. “Juma lijalo utanitungia kishairi changu mimi, kizima,” akasema. “Alhamisi. Tutakupigia.”

Waliokota maharagi waliyoweza, wakarudi nyumbani wote watatu. Jioni walikula mapema, muchanga unalia katika meno. Évariste akajaribu kucheka. “Yaya,” akamwambia dada yake, “sasa maharagi utanunua sokoni kama watu wengine. Sifa zako zinakalisha mutu katika matope.”

Évariste akalala kwenye mukeka, Olive naye akasinzia. Bulonza, kama alivyomueleza Olive asubuhi, akabaki anatafuta maneno yanayoendana na “komanda”. Yaliyokuja yote yalikuwa ya kuchekesha. Kila mara moja likija analifukuza kwa woga, akiuma pembe ya blanketi asicheke, asilie, mpaka usingizi ukamukuta midomo yake bado inatafuta mustari usiochekesha.