Suti ya Mhubiri

Mhubiri alipoutaka ubunge, alipeleka kitambaa cha suti kwa fundi cherehani, dada wa mlinzi aliyefukuzwa kazi kwa amri yake. Aliyepiga husahau, aliyepigwa ana kovu.

Vipaza sauti vya nyumba ya ibada vilipoibwa, mhubiri alimtwika mlinzi lawama bila kuuliza hata swali. "Binadamu ni mwizi tangu tumboni mwa mama yake! Ushahidi wa nini?" Waumini wakaitikia, na maneno yakaimbwa mpaka kwa vinyozi. Mlinzi hakupata kazi tena. Hata watoto wa mtaani walimwita Tangu Tumboni.

Fundi alipima kwa adabu, akashona siku tano.

Asubuhi ya mkutano wa kampeni, duka lilijaa wateja na umbea. Mhubiri akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, akataka kutia miwani mfukoni. Mkono ukateleza. Akapapasa koti, akapapasa suruali. Vifuniko vya mifuko vilikuwepo, mifuko hakuna.

"Fundi, umesahau mifuko!"

"Sijasahau, baba. Kwani wewe hukupita tumboni? Nimekuepusha na kishawishi."

Duka zima likaangua kicheko. "Mama wee, leo kapatikana!"

"Nitakukomesha, mwanamke!"

"Kaka yangu ulishamkomesha. Leo zamu yako."

Honi ikalia nje. Umati ulikuwa unamngoja. Akatoka amekumbatia simu, miwani, funguo na hotuba. Wapiga kura wakamnyooshea mikono, naye hakuwa na mkono wa kuwapa.

Fundi akavuta kiti mpaka mlangoni, aone vizuri.