Simama Wima kwa Daktari

Watu husema dresa Nyongesa aliharibiwa na jeshi. Uongo. Jeshi lilinifundisha kazi. Kiburi nilitoka nacho nyumbani Bungoma.

Niliporudi kutoka Burma, ambako nilibeba machela nikiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, niliandikwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, kwenye zahanati ya shamba moja la pareto upande wa Njoro. Vibarua walikuwa mia nne pamoja na familia zao, chumba cha mabati kimoja, na daktari Mzungu alikuja kutoka Nakuru mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi. Aliitwa Pelham. Alikuwa na mashamba tisa ya kuzungukia na subira ya shamba moja. Ndipo nikabuni safu yangu. Kila Alhamisi saa mbili wagonjwa walijipanga nje, visigino pamoja, mikono chini, kifungo cha juu kimefunguliwa. Hakuna kuketi, hakuna kulala. Daktari alipita na mpira wake wa kusikilizia kifua: vuta pumzi, achia, mwingine. Wagonjwa sitini waliisha kwa saa moja.

"Nyongesa, wewe nafanya kazi mzuri sana," Pelham akaniambia siku moja. Nilivimba kichwa wiki nzima. Kitanda cha kupimia wagonjwa nilikigeuza meza ya chupa za dawa. Aliyejaribu kuketi, hata awe ajuza, nilimwinua. "Simama wima! Daktari hakuja kukutazama umelala kama ng'ombe." Niliwaambia kulala mbele ya daktari ni dharau, nao wakaamini. Wangeachaje kuamini, na mwenye koti jeupe nilikuwa mimi?

Binti yangu Nanyama alikulia katika safu hiyo. Akiwa na miaka kumi aliumwa koo, kisha akapata homa, goti likavimba. Goti lilipopoa, kifundo cha mkono nacho kikavimba. Milcah, mke wangu, alitaka apelekwe hospitali Nakuru. Nikasema ni mifupa inakua, nikampa aspirini. Homa ikaisha, nami nikajisifu. Kumbe ilikuwa imeacha kitu moyoni, na hilo nilikuja kuambiwa miaka tisa baadaye.

Mwaka wa hamsini na sita aliolewa na fundi wa reli pale Nakuru. Mwaka uliofuata akapata mimba. Mimba ilipofika mwezi wa tano alianza kukosa pumzi akitoka bombani na debe la maji. Akawa hawezi kulala chali; alisinzia ameegemea ukuta. Asubuhi moja alikohoa, damu ikaonekana kwenye kitambaa. Mama mkwe wake hakungoja ya pili. Alimleta kwetu pamoja na kikombe cha bati, sahani na kijiko alivyokuwa akitumia, vyote vimefungwa kwenye kanga kuukuu.

"Ni TB," akasema, akiwa angali mlangoni. "Akipona tutakuja kumchukua."

Hakuingia ndani. Hata maji hakunywa.

Niliona uchungu, lakini sitajitakasa: hata mimi niliamini. Kikohozi na damu, ingekuwa nini tena? Alhamisi nikamweka wa kwanza katika safu. Milcah akanivuta kando.

"Baba Nanyama, huyu mtoto hawezi kusimama. Toa hizo chupa, alale kwa kitanda."

"Unataka watu waseme dresa anapendelea mtoto wake?"

Nanyama akasimama, visigino pamoja, tumbo mbele, midomo imepauka. Pelham alimsikiliza mgongoni, akaugusisha mpira kifuani kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, tena juu ya gauni. "TB," akasema. Akaagiza sindano kila siku kwa miezi mitatu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilimchoma mwenyewe. Tulimtenga katika kibanda nyuma ya zahanati, nami kila asubuhi nilimkuta ameketi, ameegemea magunia ya pareto. Sindano ziliongezeka na pumzi ikapungua. Miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa.

"Papa, hii dawa inanisaidia kweli?"

"Inasaidia. Wewe vumilia tu."

Alivumilia. Nilikuwa nimemlea vizuri.

Wiki ya sita Pelham alienda likizo kwao, na mahali pake akaja Daktari Mehta, Mhindi kijana, mzaliwa wa Nakuru. Aliiangalia safu yangu kwa muda.

"Hawa watu nasimama kwa nini?"

"Ni heshima, Daktari."

"Heshima ya nani?"

Hakungoja jibu. Alitaka kumwona mgonjwa wa TB. Nilipomleta Nanyama, Mehta alikuwa ameshaondoa chupa zangu kitandani kwa mikono yake, na kukunja blanketi pale pa kuwekea kichwa. "Lala hapa, mama. Geuka upande ya kushoto."

Nanyama hakulala. Aliniangalia mimi. Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia, daktari amemwambia alale, naye akangoja ruhusa ya baba yake. Nimesahau mengi ya miaka ile, lakini macho hayo sijayasahau hata siku moja. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akalala.

Mehta aliweka mpira chini ya titi la kushoto, akafumba macho, akasikiliza kwa muda ambao Pelham angemaliza watu kumi. Kisha akautoa masikioni mwake, akanipa mimi.

"Sikiliza chini kabisa. Katikati ya pigo na pigo."

Nilisikia. Ulikuwa mngurumo mzito, wa mbali, kama kinu cha posho kikisaga ng'ambo ya mto. Akamsimamisha, akaniambia nisikilize tena. Sikusikia kitu. Akamlaza, kinu kikaanza kusaga.

 Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kwa miaka kumi nilikuwa nimewasimamisha wagonjwa ili daktari asiiname.

"Hii si TB," Mehta akasema. Alinichorea moyo nyuma ya bahasha. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna mlango. Ile homa ya viungo ya utotoni iliuachia kovu, na kovu likaubana hadi haupitishi hata ncha ya kidole. Damu inayotoka mapafuni inakwama hapo, inarudi nyuma, na mapafu yanajaa. Mimba huongeza damu, lakini mlango haupanuki.

"Nairobi iko daktari ya upasuaji. Yeye nafungua kifua, naingiza kidole ndani ya moyo, napanua huu mlango. Leo mimi naandika barua."

"Atapona?"

"Wiki sita nyuma, ningesema ndiyo haraka sana."

Alimpa vidonge vya kutuliza mbio za moyo na sindano ya kumtoa maji mwilini. Alikataza chumvi, alikataza kazi, na sindano zangu akazisimamisha. Nanyama akarudi nyumbani kwa mama yake. Miguu ikaanza kupungua, akala, hata akanicheka nilipojaribu kumpikia uji. Jibu likaja: aletwe Nairobi Jumatatu.

Alikufa Ijumaa saa nne asubuhi, ameketi kitandani, Milcah akimsuka nywele ili aende Nairobi akiwa nadhifu. Upande mmoja ulikuwa haujasukwa. Mtoto alikwenda naye. Majuto ni mjukuu, husemwa. Mjukuu wangu hakuja, yalikuja majuto peke yake.

Mama mkwe alifika mazishini. Aliniuliza polepole, "Kwani haikuwa TB?" Milcah alimsikia. Aliingia ndani, akatoka na kile kikombe cha bati, akakijaza chai, akainywa yote mbele ya yule mama, akimkazia macho. Alipomaliza, alinigeukia akanikazia macho yale yale.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema, nikatandika shuka safi kwenye kitanda cha zahanati. Nilipofungua mlango, safu ilikuwa tayari, imenyooka, visigino pamoja. Wa kwanza alikuwa Mzee Kipketer, mwendesha ng'ombe wa plau. Alikuwa akihema, miguu imevimba.

"Ingia ndani, mzee. Ulale hapo kitandani, ubavu wa kushoto."

"Hapana, Dakitari. Mimi nasimama tu."

"Nimekwambia lala!"

Mzee alijinyoosha zaidi, mikono chini, jasho likimtiririka.

"Dakitari, mimi si mtu ya dharau," akasema. "Hata msichana yako alikuwa anakufa, na alisimama."